Kikao cha bodi ya wakazi kinavyogusa afya ya mtoto wako

Mtoto akianza kuharisha, mzazi hujiuliza kwanza amekula nini, kisha amekunywa maji gani. Wachache hufika kwenye swali la tatu: nani aliamua kwamba maji hayo yasipimwe mwaka huu?

Swali hilo lina maana kubwa kwa familia zinazoishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Kuanzia Pugu na Majohe hadi Chanika, na upande wa pili Mbagala na Chamazi, wakazi wengi wamejenga wenyewe kwenye viwanja vyao, kisha wakaungana kutafuta huduma. Wanachangia kisima kirefu, pampu, tangi, mlinzi, kifusi cha barabara, gari la taka na mtaro wa maji ya mvua. Mabomba ya Dawasa yanazidi kusogea maeneo haya, lakini zipo nyumba ambazo bado zinategemea kisima cha umoja, au zinakitumia siku ambazo bomba halitoi.

Michango hiyo husimamiwa na kamati au bodi ya watu watano, saba au tisa. Wanakutana Jumapili jioni uani kwa mwenyekiti, wanakunywa soda, wanaamua. Wakiamua vizuri, hakuna anayewakumbuka. Wakiamua vibaya, foleni inaonekana zahanati.

Ndiyo maana taratibu za vikao, ambazo wengi huziona kuwa ni mambo ya wazee wastaafu, ni jambo la kila mzazi.

Umoja wenu ni wa aina gani?

Kabla ya kubishana juu ya kikao, jua kwanza umoja wenu unasimama juu ya sheria ipi. Majina yanafanana: umoja wa wakazi, chama cha wamiliki, ushirika wa nyumba. Sheria zake ni tofauti.

Kama unaishi kwenye ghorofa ambalo kila familia ina hati ya sehemu yake, mnaongozwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, Namba 16 ya mwaka 2008. Hapo hakuna cha kujiunga wala kujitoa. Ukinunua sehemu, umekuwa mwanachama wa chama cha wamiliki. Ngazi, paa, uzio, tangi na chemba ni mali ya wote, na kila mmiliki ana fungu lake humo. Chama hicho ni mtu kisheria, maana yake kinaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Zanzibar ina sheria yake ya nyumba za aina hiyo, Namba 10 ya mwaka 2010. Kenya nayo iliandika upya ya kwake mwaka 2020.

Aina ya pili ni ushirika wa nyumba. Huu unaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika, Namba 6 ya mwaka 2013, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Dar es Salaam ina historia nao. Wakazi wa Mwenge walijenga kwa njia ya ushirika tangu miaka ya 1970, na mfano wa karibuni zaidi uko Chamazi, wilayani Temeke.

Pale Chamazi, wengi wa waanzilishi walikuwa wapangaji wa Kurasini ambao nyumba walizopanga zilibomolewa kupisha upanuzi wa bandari. Fidia ililipwa wenye nyumba. Wapangaji waliondoka mikono mitupu. Wakaweka akiba kidogo kidogo kwenye vikundi, wengi wao wakiwa wanawake, wakisaidiwa na asasi ya Centre for Community Initiatives. Mwaka 2009 walinunua ekari 30 Chamazi na wakaunda ushirika wa nyumba wa Muungano. Walifyatua matofali wenyewe, wakachimba kisima na kupanga mfumo wa kusafisha majitaka kwa kutumia mimea. Mambo yote hayo, kuanzia bei ya tofali hadi choo kikae wapi, yalipaswa kupita kwenye kikao.

Aina ya tatu ndiyo imejaa Pugu: umoja wa wakazi wenye viwanja vyao. Ukisajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, unaongozwa na Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, pamoja na katiba yenu wenyewe. Ipo pia miungano iliyosajiliwa kama kampuni au kama kikundi cha kijamii cha halmashauri. Na ipo mingi ambayo haijasajiliwa popote. Ina muhuri, namba ya simu ya kupokelea michango na kundi la WhatsApp, basi.

Hii ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa kwa mfuko wako. Umoja usiosajiliwa hauwezi kumiliki kisima kwa jina lake. Pampu, tangi na hata akaunti hubaki kwa jina la mtu mmoja. Akifariki, mnaanza kuelewana na warithi wake, ambao huenda hawajawahi hata kufika Pugu.

Bodi si mwenye mali

Kosa linalorudiwa sana ni kuichukulia bodi kama serikali ndogo. Bodi ni watumishi wa mkutano mkuu. Katika ushirika, sheria inasema wazi kwamba mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu, na kila mwanachama ana kura moja hata kama mwenzake ana hisa nyingi zaidi. Kwenye umoja wa Sura ya 337, katiba nyingi zimefuata njia hiyohiyo.

Kwa kawaida, bodi hufanya kazi za kila siku ndani ya bajeti iliyopitishwa: kumlipa mlinzi, kununua dawa ya kutibu maji, kuita gari la kunyonya majitaka, kumwita fundi.

Mkutano mkuu huamua mambo mazito: kiwango cha mchango, bajeti ya mwaka, kuuza au kununua mali kubwa, kukopa, kubadili katiba, kuchagua na kuondoa viongozi, kupokea hesabu zilizokaguliwa. Kwenye ushirika kuna kitu kinaitwa ukomo wa madeni. Bodi haiwezi kukopa kupita kiwango ambacho mkutano mkuu umekiweka na Mrajis akakiidhinisha. Mwenyekiti akirudi na habari njema kwamba amepata mkopo wa kuchimba kisima cha pili, swali la kwanza la mwanachama ni hilo: tuko ndani ya ukomo?

Kikao halali kina mambo sita

Haijalishi mmesajiliwa wapi, katiba nzuri ya umoja wa wakazi hutaja mambo haya, na kikao kisichoyafuata kinaweza kupingwa.

Kwanza ni taarifa. Kila mjumbe wa bodi anaitwa, tena mapema, kwa idadi ya siku iliyoandikwa kwenye katiba. Kumruka mjumbe mmoja kwa sababu "huwa analeta ubishi" kunatosha kutia doa kikao kizima.

Pili ni ajenda. Wengi wanajua mtiririko wake: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya fedha, ajenda ya siku, mengineyo, kufunga. Angalia sana hapo kwenye mengineyo. Ni mahali pa kukumbushana msiba na harusi. Uamuzi wa mamilioni ukiletwa kwenye mengineyo, saa moja usiku, watu wakiwa wameshaanza kuaga, ujue kuna kitu hakikutaka kuonekana kwenye ajenda.

Tatu ni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe kikao. Katiba nyingi huweka zaidi ya nusu. Kwa bodi ya watu saba, hapo ni wanne. Watatu wakikaa na kukubaliana, wamefanya mazungumzo tu.

Nne ni mgongano wa maslahi. Mjumbe ambaye shemeji yake ndiye fundi wa pampu anatakiwa aseme hivyo kabla mjadala haujaanza, atoke nje wakati wa kujadili zabuni, na jambo hilo liandikwe. Kuwa na shemeji fundi si kosa. Ubaya unaanza pale anapoficha.

Tano ni kura na namna ya kuamua. Je, mwenyekiti ana kura ya turufu zikilingana? Je, jambo fulani linahitaji theluthi mbili? Haya yasomwe kwenye katiba kabla ya ugomvi, maana baada ya ugomvi kila mtu huisoma kwa jicho lake.

Sita ni muhtasari. Uandikwe nani alikuwapo, nani hakuwapo na kwa nini, nini kiliamuliwa, nani atatekeleza, lini, kwa shilingi ngapi. Uthibitishwe kikao kinachofuata na kutiwa saini. Muhtasari usioandikwa huzaa maneno ya "mbona tulikubaliana", na hapo kila mtu ana kumbukumbu yake.

Mfano wa nyumba 40

Chukua mfano wa kubuni. Nyumba 40 za Pugu zinachangia kisima kirefu. Kila nyumba inatoa Sh20,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh800,000 kwa mwezi, na Sh9.6 milioni kwa mwaka. Bodi ina wajumbe saba.

Pampu inaungua mwezi wa nne, katikati ya masika. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaandikiana WhatsApp usiku. Wanakubaliana kununua pampu mpya kwa Sh4.5 milioni. Fedha ya kupima maji na ya kunyonya chemba za choo cha mlinzi inahamishiwa kwenye pampu. Asubuhi fundi anakuja. Maji yanatoka. Kila mtu anashukuru.

Mwezi wa tano, watoto wa nyumba sita wanaharisha. Chemba ya mlinzi imejaa na inavuja mita chache kutoka kwenye kisima.

Kimsingi, viongozi hao watatu hawakuwa wezi. Pampu ilihitajika kweli. Lakini uamuzi wao ulikuwa na matundu matatu. Akidi haikutimia, maana walikuwa watatu kati ya saba. Bajeti ilibadilishwa bila kurudi kwa waliyoipitisha. Na hakuna aliyekuwapo wa kuuliza: tukiacha kunyonya chemba, nini kinatokea mvua ikinyesha? Pengine mjumbe wa nne angekuwa mama anayejua ni watoto gani wanachota maji pale. Akidi ipo kwa ajili ya swali la mtu wa nne.

Katiba nzuri hutabiri dharura kama hii. Huruhusu viongozi watatu kutumia hadi kiasi fulani, kwa mfano Sh500,000, na kuwataka waite kikao cha dharura ndani ya saa 48 kwa kilichozidi hapo. Kama katiba yenu haina kifungu hicho, ni cha kupendekeza kwenye mkutano mkuu ujao.

WhatsApp ni ukumbi?

Vikao vingi siku hizi vimehamia kwenye simu. Kundi la WhatsApp linafaa kutoa taarifa, kutuma ajenda na kusambaza muhtasari. Kufanyia uamuzi humo ni jambo jingine: linategemea katiba yenu inasema nini. Kama haitaji vikao vya mtandaoni, alama za dole gumba si kura, na aliyekosa bando siku hiyo hajahudhuria wala hajakubali.

Wenzetu waliotangulia kwenye makazi ya namna hii wamekutana na tatizo hilohilo. Jimbo la California nchini Marekani lina sheria inayotaka bodi za jumuiya za wenye nyumba zitangaze ajenda angalau siku nne kabla ya kikao, ziwaruhusu wanachama kuhudhuria na kuzungumza, na muhtasari upatikane ndani ya siku 30. Bodi hairuhusiwi kuendesha mambo yake kwa mfululizo wa baruapepe, isipokuwa dharura. Mambo ya siri, kama kesi mahakamani au nidhamu ya mwanachama, hujadiliwa kwa faragha. Sheria hiyo haifiki Pugu, lakini hakuna kinachowazuia wakazi wa Pugu kuandika siku nne na siku 30 kwenye katiba yao.

Kuna jambo jingine la simu ambalo wazazi wanapaswa kulikataa. Ni kutangaza kwenye kundi jina la familia ambayo mtoto wake amelazwa kwa kuhara, au orodha ya wadaiwa pamoja na namba zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Bodi inahitaji kujua kwamba kuna wagonjwa wa kuhara eneo hilo ili ifunge kisima na kumwita afisa afya. Haihitaji kumtaja mtoto wa nani mbele ya watu 80.

Jina lako limo kwenye daftari?

Kwenye nyumba nyingi, anayechota maji, anayefua nepi na anayempeleka mtoto kliniki ni mama. Anayeitwa kwenye kikao ni baba, kwa sababu jina lake ndilo liko kwenye hati ya mauziano. Baba yuko safari, au anarudi saa nne usiku, hivyo nyumba hiyo haina sauti.

Dawa zipo. Mume na mke wanaweza kuandikishwa wote wawili kama wanachama kwa nyumba moja yenye kura moja, au mwenye jina akaandika barua ya kumteua mwenzake kuhudhuria, ikiwa katiba inaruhusu mwakilishi. Ni karatasi moja. Pia inafaa katiba iweke nafasi za wanawake kwenye bodi kwa idadi, siyo kwa maneno ya "wanawake watapewa kipaumbele".

Wapangaji nao wana watoto. Kwenye umoja wa wamiliki huenda mpangaji hana kura, lakini anakunywa maji yaleyale. Mlango wake mkubwa ni mkutano wa mtaa. Huo ni wa wakazi wote wa mtaa waliofikisha miaka 18, mwenye nyumba na mpangaji sawasawa. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake walichaguliwa Novemba 27, 2024, na mtendaji wa mtaa ni mtumishi wa halmashauri mwenye ofisi. Suala la chemba inayotiririka barabarani halihitaji uwe mwanachama wa umoja wowote. Ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na afisa afya wa kata anaweza kulishughulikia.

Mambo ya afya ya kudai yawe kwenye ajenda

Dar es Salaam haijasahau Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia jijini na kuenea mikoa mingine. Kwa wakazi wa Pugu, wanaoishi jirani na dampo kuu la jiji la Pugu Kinyamwezi na mnada wa mifugo, usafi wa maji si jambo la kusubiri mlipuko. Bodi inayojali itakuwa na haya kwenye kalenda yake ya mwaka:

• Kupima maji ya kisima kabla ya masika na kabla ya vuli. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na kimelea hata kimoja cha E. coli katika mililita 100. Matokeo yabandikwe, yasibaki kwenye simu ya katibu.

• Kuosha tangi na kuandika tarehe.

• Kukagua umbali na hali ya vyoo na chemba zilizo karibu na kisima. Umbali wa mita 30 ndio unaotajwa mara nyingi kuwa wa chini, na udongo wa kichanga unahitaji tahadhari zaidi.

• Kuzibua mitaro na kumwaga maji yaliyotuama, maana mbu anayeeneza dengue hupenda madimbwi madogo na matairi ya uani.

• Fungu la dharura lisiloguswa kwa kazi nyingine.

Wakati mnasubiri bodi, mzazi achemshe maji ya kunywa mpaka yatokote, ayafunike na kuyachota kwa chombo chenye mkono. Mtoto akiharisha, apewe maji ya ORS mara kwa mara na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa na mhudumu wa afya, na anyonyeshwe kama kawaida. Akilegea, macho yakadidimia, akashindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi.

Namna ya kuomba bila kuvunja ujirani

Wengi hunyamaza kwa sababu mwenyekiti ni mzee wa mtaa, ndiye aliyewapokea walipohamia na ndiye atakayesimamia msiba wao. Heshima hiyo ni ya kweli na haina haja ya kuvunjwa. Kinachosaidia ni kuuliza kwa maandishi, kwa adabu, na kwa jambo moja mahususi. Ujumbe kama huu unatosha:

"Shikamoo mzee mwenyekiti. Poleni na majukumu. Mimi ni mwanachama wa nyumba namba fulani. Naomba kupatiwa nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ununuzi wa pampu, pamoja na risiti. Naomba pia suala la kupima maji liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho. Nitashukuru nikijibiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ahsante sana."

Hapo hakuna aliyetuhumiwa. Kuna ombi, kuna tarehe, na kuna kumbukumbu.

Ukikosa jibu, tafuta wenzako. Katiba nyingi huruhusu idadi fulani ya wanachama kusaini barua na kudai mkutano mkuu wa dharura. Soma yenu ujue mnahitaji saini ngapi, kisha pitieni nyumba kwa nyumba. Saini za majirani 15 hufanya kazi ambayo ujumbe 150 wa lawama kwenye kundi hauwezi.

Ikishindikana, ngazi zinazofuata zinategemea aina ya umoja. Wanaushirika huenda kwa afisa ushirika wa halmashauri na kwa Mrajis, ambaye ana mamlaka ya kuagiza uchunguzi wa mambo ya chama. Umoja wa Sura ya 337 huandika kwa Msajili wa Jumuiya. Mgogoro ukihusu ardhi yenyewe, kama kiwanja cha kisima kuuzwa, huanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fedha zikiwa zimeliwa, hilo ni la polisi.

Lakini safari hizo zote zinagharimu nauli, muda na ujirani. Kikao cha saa mbili chenye akidi, ajenda na muhtasari ni cha bei nafuu zaidi.

Fanya hivi wiki hii

Omba nakala ya katiba ya umoja wenu, na kama haipo, hilo lenyewe liwe ajenda. Uliza namba ya usajili na jina lililo kwenye akaunti ya benki au ya simu. Tafuta tarehe ya mwisho maji yalipopimwa. Hakikisha jina lako au la mwenzi wako limo kwenye daftari la wanachama. Kisha siku ya kikao, nenda. Kama huna wa kumwachia mtoto, nenda naye. Maji wanayojadili ndiyo atakayokunywa.